Kwa madogo mnaonunua visu vya CS2 kwa hela ya kodi

Wiki hii tena kuna dogo wa Sinza kaweka picha ya kisu kwenye grupu (pambo la ndani ya gemu la CS2, yaani Counter-Strike 2, linalouzwa kwa hela halisi), chini kaandika: "Hii haishuki kaka, ni kama kiwanja Kigamboni." Wenzake wakamjazia makopa. Dogo, kiwanja cha Kigamboni kina hati. Kisu chako hakina. Ule mkataba wa Steam, duka la mtandaoni la Valve wenye gemu, mnaoukubali bila kusoma unasema umepewa leseni ya kutumia tu, hujauziwa kitu. Kwa hiyo kaeni hapa niwaambie, maana nimechoka kuwafariji watu inbox usiku wa manane.

1. Bei ya Steam siyo hela. Ukiuza skini (pambo la silaha) ya CS2 pale wanakata asilimia 15: 5 za Steam, 10 za gemu. Kinachobaki kinaingia kwenye waleti ya Steam na hakitoki tena kama hela. Haiji M-Pesa, haiji benki. Pigeni hesabu kwa bei ya masoko ya nje yanayolipa taslimu, ambayo karibu kila mara iko chini. Mkipiga hivyo, nusu ya faida mnazorushiana humu zinayeyuka.

2. Anayetengeneza mali ndiye anayeamua uhaba. Hili mnalijua kwa mdomo. Mimi pia nililijua kwa mdomo.

Mwaka 2025 zamu yangu ya upatu ilifika, na ile hela ilikuwa ya kodi ya miezi sita, mnawajua wenye nyumba wa mji huu. Nikamwambia mke wangu nimeiweka mahali inazaa kidogo kabla ya kumlipa mzee. Nikanunua kisu. Hoja yangu ilikuwa nzuri tu: kwa viwango vilivyotangazwa China mwaka 2017, kasha (boksi la bahati nasibu la ndani ya gemu) likifunguliwa uwezekano wa kutoka kisu au glavu ni kama asilimia 0.26. Kitu adimu hivyo kitashukaje? Nilieleza hivyo humu kwenye grupu kwa mbwembwe, na wapo walionifuata. Wengine hawajanisalimia hadi leo.

Tarehe 22 Oktoba, kwa saa za Marekani, Valve wakatoa sasisho. Skini tano nyekundu, daraja lililo chini tu ya visu na glavu, sasa zinabadilishwa kuwa kisu kimoja au glavu. Huku kwetu nimeamka tarehe 23, nafungua simu kabla hata ya mswaki, nakuta nyekundu zimepaa na visu vinaporomoka. Zile nyekundu za bei ya chini tulizokuwa tunazidharau zimegeuka malighafi ya visu. Hakuna aliyeiba wala kudukuliwa. Mwenye gemu kaamua tu.

Kosa lenyewe sasa. Kununua kile kisu ulikuwa ujinga wa kawaida, ila nilichofanya asubuhi ile ndicho kinachoniuma. Kwenye soko la nje ningesubiri mnunuzi, mkono unatetemeka, kila nikiangalia bei imeshuka tena. Nikakitupa soko la Steam. Kikaenda papo hapo. Wakakata 15 zao juu ya bei iliyokwisha anguka, na kwa muda mfupi nikajiona mjanja niliyewahi kutoka. Nipo kwenye daladala ya Makumbusho ndiyo nakumbuka: hela yote iko kwenye waleti, na mzee wa nyumba hapokei waleti ya Steam.

Njia ya kuitoa mnaijua: unanunua skini nyingine hapohapo, unasubiri zile siku 7 za kufungiwa treidi (huwezi kumhamishia mtu), kisha unaiuza nje kwa hasara yako. Nikafanya hivyo. Siku saba zinatimia, intaneti imeshakatwa nchini tangu tarehe 29, siku ya uchaguzi. Yaliyotokea wiki ile ni mazito kuliko skini na siyapimi pamoja. Nasema tu kwamba mali yangu yote ilikuwa kwenye seva nisizoweza hata kuzichungulia. Kodi nilikopa kwa shemeji. Mke wangu alisikiliza maelezo yote, kuanzia floti (namba ya uchakavu wa skini) mpaka nyekundu tano, kimya. Halafu akauliza, "Na hicho kisu chenyewe kilikuwa kinakata nini?"

3. Ufunguo wa API (msimbo unaoruhusu programu nyingine kuingilia treidi zako): ukiukuta kwenye akaunti yako na hukuutengeneza wewe, ufute, badili nywila, leo.

4. Floti someni wenyewe. 0.069 ni Factory New (mpya kabisa), 0.071 ni Minimal Wear (imechakaa kidogo). Dalali anayekuuzia ya pili kwa bei ya kwanza hajakosea.

5. Makasha uza, usifungue. Ubelgiji mwaka 2018 walishasema hiyo ni kamari.

6. Msiniletee habari za Howl, ile skini ya bunduki ya M4A4. Ilipanda bei kwa sababu mwaka 2014 mchoro wake uligombewa hakimiliki, Valve wakaiondoa kwenye makasha. Nani alipanga? Na akaunti za gemu za Free Fire na eFootball siyo uwekezaji hata kidogo: aliyeifungua anabaki na barua pepe ya mwanzo, anairudisha akitaka. Kuna dogo wa Mwananyamala aliuziwa akaunti asubuhi, mchana haifunguki, jioni akaniomba nimtafutie nyingine. Kwa muuzaji yuleyule, eti safari hii kampa punguzo.

Wenye nyekundu za kuuza, Jumamosi nipo Mwenge baada ya saa kumi. Njooni na chaji, na Steam Guard (ulinzi wa akaunti) iwe imewashwa kwenye simu, maana bila hiyo treidi inashikiliwa hadi siku 15 na mimi sisubiri mtu. Dogo wa kiwanja, wewe njoo mapema.