Doa Kichwani kwa Mgonjwa wa Tezi Dume: Usiuze Shamba Kwanza

Msomaji kaniandikia usiku wa manane. Baba yake ana saratani ya tezi dume, kapigwa PET ya PSMA Nairobi, ile picha ya mwili inayosaka saratani hiyo ilikosambaa, na ripoti inataja doa linalowaka kichwani. Anauliza wauze shamba wampeleke India? Mdogo wangu, tulia. Hapo mimi nilishapita.

Mzee wangu alikutwa na hilohilo. Daktari alitusomea ripoti koridoni, simu sikioni: "Imeshapanda kichwani." Akaondoka zake. Hatujafika nyumbani, baba mdogo keshatangaza kwenye grupu la ukoo, na shangazi mmoja anaulizia bei ya turubai. Baba yupo hai, anakula ugali wake, watu wanapanga turubai! Mpaka leo linaniuma.

Nikakaa nikasoma. Saratani ya tezi dume hukimbilia mifupa na tezi za limfu. Kuingia kwenye ubongo ni nadra. Halafu ile protini ya PSMA inayosakwa na kipimo haiko kwenye tezi dume peke yake. Mishipa midogo inayolisha vimbe nyingine inayo pia, ndiyo maana meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, nayo huwaka. Meninjioma nyingi si saratani na hukua polepole. Nikang'ang'ania MRI ya kichwa, picha ya mashine ya sumaku, ile ya kuchomwa dawa mshipani. Walinuna, wakaifanya. Uvimbe ulikuwa umejishika kwenye utando, una kamkia pembeni, ubongo wenyewe safi. Meninjioma. Anafuatiliwa kwa picha tu, hajaguswa kisu.

Kwa hiyo dai MRI, na majibu yasomwe na daktari wa ubongo pamoja na wa saratani. Chukua CD ya picha, karatasi pekee haitoshi. Kama mzee aliwahi kuanguka na bodaboda akapigwa picha ya CT ya kichwa, itafuteni: doa lililokuwepo tangu zamani bila kukua huenda si saratani iliyosambaa. Orodhesha dawa zote. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitahadharisha kuhusu saiproteroni, dawa ya homoni wanayopewa baadhi ya wagonjwa hawa, kwamba dozi kubwa za muda mrefu huongeza hatari ya meninjioma. Daktari aulizwe, usimwachishe mwenyewe.

Akipata kifafa, upande mmoja ukilegea, au macho yakififia, kimbieni hospitali bila kungoja miadi.

Na sindano yake ya homoni, ile ya kuzuia saratani ya tezi dume, achomwe tarehe ileile. Wengine wakisikia habari ya kichwa huiruka.