Maswali ya wasomaji: sala sokoni, jumuiyani na wodini

Bwana Yesu asifiwe. Nauza ndizi soko la Mbuyuni. Alfajiri niko njiani, narudi usiku nimechoka. Nikipiga magoti nasinzia hapo hapo. Tumefundishwa tusali saa nzima kila siku. Nifanyeje? – Mama Ndizi, Pasua, Moshi

Amina, mama. Saa nzima ni nzuri kwa mwenye nayo. Wengi huianza Jumatatu kwa pupa, Alhamisi wameshaiacha, kisha hukaa wiki mbili bila sala yoyote kwa kuwa wanajiona wameshindwa. Anza na dakika kumi, na usizirundike usiku. Mwili uliobeba mikungu tangu alfajiri utalala tu, na huko si kupungukiwa imani.

Zigawe dakika hizo. Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri, na Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Kabla hujafungua mlango, sali Sala ya Bwana polepole, ukitua kidogo baada ya kila ombi. Hata ukitua hivyo, ni dakika mbili tu. Adhuhuri wateja wakipungua, soma zaburi moja. Kengele ya Wakatoliki ya saa sita mchana ikisikika, ikukumbushe hata kama wewe ni Mlutheri, hakuna atakayekudai. Jioni sali kabla ya kula: taja mawili ya kushukuru na moja la kutubu, ndipo usonge ugali. Ukingoja mpaka ushibe, usingizi umeshakushinda.

Zaburi moja kwa siku inamaliza zote 150 kwa miezi mitano. Ya 119 isikutishe: ina mistari 176, lakini imegawanyika mafungu 22 ya mistari minane minane. Chukua fungu moja kwa siku, na hapo miezi mitano itasogea kuwa karibu sita. Ukisomea kwenye simu, zima intaneti kwanza, la sivyo utaishia kwenye ujumbe wa kikoba.

Katikati ya kazi kuna sala ya pumzi moja. Nehemia, mfalme akisubiri jibu lake, alimwomba Mungu kwanza ndipo akasema (Nehemia 2:4). Ya mtoza ushuru nayo ni fupi: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi" (Luka 18:13). Mteja aliyekutukana hatajua hata kwamba umesali.

Kuhusu mawazo kutangatanga, mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna ya kusali, akamkumbusha kwamba kinyozi anayepiga soga wembe ukiwa mkononi atamkata mtu. Akamshauri achukue amri moja kati ya zile Amri Kumi na kuipitia mara nne: inanifundisha nini, nashukuru nini, naungama nini, naomba nini. Kwa mwenye dakika tano sijaona njia bora zaidi. Akili ikikutoroka katika la pili, rudi kwenye la pili hilo hilo. Usianze upya, maana kuanza upya ndiko kunakochosha.

Kanisani tumetangaziwa mfungo wa siku tatu. Nina kisukari. Nimeze dawa bila kula? – Msomaji, Himo

Hapana, na dawa yenyewe usiiache. Sindano na baadhi ya vidonge vya kisukari vikikuta tumbo tupu hushusha sukari mpaka mtu anazirai. Muulize daktari wako kabla ya kujiunga. Maandiko yanakupa njia nyingine: Danieli 10:3 inaeleza mfungo wa kuacha chakula kitamu, nyama na divai, si chakula chote. Huku kwetu, kuacha nyama na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa siku tatu ni mfungo wa kutosha kabisa.

Maombi ya jumuiya yetu yanafika saa nne usiku, na dada mmoja ameacha kuja kwa sababu ndoa yake ilitajwa kwenye maombi. Tufanyeje? – Katibu, Sakina, Arusha

Anza na huyo dada. Aliyemtaja aende kwake aombe radhi, asimtume mtu. Halafu wekeni sharti: jina la mtu halitajwi mpaka mwenyewe amekubali. "Tumwombee fulani, mnajua hali yake" ni umbea uliovaa joho. Wenye jambo zito waombewe na watu wawili, pembeni.

Kuhusu muda, kusanyeni mahitaji kabla ya kufumba macho, myafanye mada tatu au nne, kila mada impate mtu mmoja kwa dakika mbili. Mathayo 6:7 inakataza kupayuka-payuka. Jihadharini pia na mahubiri ndani ya sala: "Bwana, unawajua wanaochelewa kutoa mchango..." Hapo hasemeshwi Bwana, anasemeshwa jirani aliyekaa kwenye kochi. Mada moja iwe viongozi na wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1-2), ambayo jumuiya nyingi huisahau mpaka uchaguzi ufike.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimepangiwa zamu ya kuombea wagonjwa wodini. Nianzie wapi? – Mzee, Machame

Shikamoo mzee. Yakobo 5:14 inawataja wazee wa kanisa waziwazi, kwa hiyo kazi hii ni yenu, si ya mchungaji peke yake.

Iwe hospitali ya KCMC, ya Mawenzi au kituo cha afya, pita kwanza kwa muuguzi wa zamu, umuulize nani anaruhusiwa kuonwa. Nawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Usikae kitandani. Mwulize mgonjwa, "Ungependa tuombe nini?" kisha unyamaze. Wengi hawataji ugonjwa. Hutaja watoto, au deni la hospitali. Ombea hilo alilolitaja.

Soma zaburi fupi: ya 23 ina mistari sita, ya 121 minane. Anayelia asome ya 13 pamoja nawe, maana inaanza na malalamiko, "Hata lini?" Sauti iwe ya chini, kitanda cha jirani huenda kina Mwislamu anayetaka kulala. Dakika kumi zinatosha. Mafuta yapakwe kwa idhini yake, tone moja kwenye paji la uso, yasiguse kidonda wala kukaribia mrija wa oksijeni.

Usiahidi uponyaji, wala usimshauri mtu aache dawa. Ndugu wakikuuliza kama atapona, sema hujui, uwaulize daktari amesemaje, muombe kuanzia hapo. Ukitoka, andika kwenye daftari ulichoombwa, maana ukirudi wiki ijayo mgonjwa atataka kujua kama kweli ulimwombea yule mtoto wake wa darasa la saba.