Kabla hujabandika mistari ya sysctl, piga hesabu ya laini yako

Mkuu, umeuliza kwa nini seva yako ya Dar yenye laini ya gigabiti 1 inapeleka bakapu Frankfurt kwa rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya mashine) kwa MB 12 tu kwa sekunde, na umeomba mistari ya sysctl, yaani mipangilio ya kerneli (kiini cha Linux), ya kubandika. Tatizo hili hili lilinisumbua miezi mitatu. Nisome kwanza kabla hujagusa kitu.

Anza na ping. Kwangu, kwenda na kurudi ilikuwa milisekunde 160. Gigabiti 1 ni MB 125 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.16 unapata MB 20. Ili laini ijae, hizo MB 20 lazima ziwe njiani muda wote, zimeshatumwa lakini jibu la kupokelewa halijarudi. Sasa angalia kerneli inaruhusu kiasi gani:

sysctl net.ipv4.tcp_rmem net.ipv4.tcp_wmem

Yangu ilitoa 4096 131072 6291456 na 4096 16384 4194304. Namba ya tatu ndiyo kikomo: MB 6 za kupokea, MB 4 za kutuma. Tena katika zile 6, kerneli yangu ilikuwa inatumia nusu tu kama dirisha la TCP, yaani kiasi kinachoruhusiwa kuwa njiani bila jibu. MB 3 gawanya kwa 0.16, ni kama MB 19 kwa sekunde. Laini iliyobaki unailipia ikiwa tupu.

Niliweka hivi pande zote mbili, maana mtumaji na mpokeaji kila mmoja ana bafa yake (kumbukumbu ya kushikilia data kwa muda):

net.ipv4.tcp_rmem = 4096 131072 67108864
net.ipv4.tcp_wmem = 4096 65536 67108864
net.core.default_qdisc = fq
net.ipv4.tcp_congestion_control = bbr

BBR, njia ya kupanga mwendo wa kutuma, ipo tangu kerneli 4.9 ya mwaka 2016, na kazi yake iko upande wa mtumaji. Cubic, njia ya kawaida ya Linux, ikipoteza pakiti moja inadhani kuna msongamano, inapunguza mwendo, na kwenye njia ndefu kama hii inachelewa sana kuupata tena.

iperf3, programu ya kupima kasi ya laini, ikapanda kutoka megabiti 150 hadi zaidi ya 800. Nikafurahi, nikawasha rsync: MB 12, vile vile kama jana yake. Nilihangaika wiki nzima mpaka nikagundua kwamba OpenSSH, ambayo rsync inapitia ndani yake, ina dirisha lake yenyewe, MB 2 kwa kila chaneli, juu ya lile la TCP. 2 gawanya kwa 0.16 ni 12.5. Linganisha na namba yako, mkuu.

Kwa hiyo kerneli siyo inayokubana kwanza. Gawa mafolda, endesha rsync nane kwa pamoja, kila moja na muunganisho wake wa ssh. Kwa njia hiyo hata mipangilio ya kawaida inaweza kukutosha. Mimi mwishowe nilihamia rsync ya daemoni, isiyopitia ssh, ndani ya WireGuard (VPN), na hapo ndipo zile bafa kubwa zilipofanya kazi yake.

Na nakusihi, usinakili miongozo ya zamani. Niliwahi kuwasha tcp_tw_recycle, mpangilio wa kuondoa haraka miunganisho iliyofungwa, kwenye seva ya wavuti, wateja wa simu waliokaa nyuma ya NAT moja (wengi kwa anwani moja ya IP) wakawa wanakataliwa ovyo ovyo, siku mbili nzima. Iliondolewa kabisa kwenye kerneli 4.12. Tcp_mem nayo, kikomo cha kumbukumbu ya TCP nzima, iache: inahesabiwa kwa kurasa za kumbukumbu, si kwa baiti.

Weka hapa matokeo ya ss -ti ukiwa unaendesha rsync, tuangalie rtt (muda wa kwenda na kurudi) na cwnd (kiasi ambacho mtumaji anajiruhusu kuwa nacho njiani).