Kwato zinazopasuka: anza na chakula

Umeuliza kama mafuta ya kupaka yatatibu kwato za farasi wako zinazopasuka, na kama umwongezee nafaka apate nguvu ya mazoezi. Mafuta yanasaidia juu juu tu. Ukwato huota kuanzia kwenye ukingo wa ngozi, takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo lishe unayoirekebisha leo itafika kwenye ncha baada ya karibu mwaka mzima. Vumilia.

Nafaka usiongeze, tafadhali. Tumbo la farasi ni dogo, limeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo kutwa. Mwenye uzito wa kilo 500 anahitaji kama kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, maji safi na chumvi ya kulamba. Wanga mwingi kwa mkupuo unaweza kumletea msokoto wa tumbo, au uvimbe mkali ndani ya kwato, na huo humlemaza kabisa. Ukiona kwato zina joto na hataki kupiga hatua, usimtembeze eti anyooshe miguu. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Zisafishe kila siku, na fundi wa kwato azipunguze kila wiki 6 hadi 8, hata kama hapigiliwi vyuma. Ncha ndefu huzidisha nyufa. Mazoezi endelea nayo taratibu, kwenye ardhi laini, na aanze kwa kutembea dakika 10 kabla ya kukimbia.