Ukitafiti chumvi ya shambani, anza na maji

Wengi mnaoanza kazi hii mnakuja na picha moja kichwani: ardhi iliyobabuka kwa chumvi, kisha mmea shupavu unaoinyonya hadi shamba lipone. Hata mimi nilikuja nayo. Iacheni mapema. Kichaka cha Atriplex, kinachostahimili chumvi na kuliwa na mifugo, hubeba chumvi nyingi majanini, ni kweli, lakini ukiilinganisha na shehena iliyolala chini ya shamba, unachota bahari kwa kijiko. Mimea ya kudumu tunaipandia kunywa maji.

Kusini-magharibi mwa Australia ndiko jambo hili linakoonekana wazi. Kwa maelfu ya miaka mvua na upepo vilileta chumvi ya baharini kidogo kidogo, ikajikusanya chini ya mizizi. Miti na vichaka vya asili vilikunywa karibu mvua yote, kwa hiyo chumvi ikatulia hukohuko. Msitu ukafyekwa, ikaja ngano, yenye mizizi mifupi na isiyokuwepo shambani nusu ya mwaka. Maji yaliyokosa wa kuyanywa yakazama, maji ya chini ya ardhi yakapanda, na chumvi ikapanda nayo. Aliyeliandika hilo mwaka 1924 ni W. E. Wood, mhandisi wa reli, kwa sababu maji ya injini za mvuke yalikuwa yanaharibika. Huwa napenda kuwakumbusha wataalamu wa udongo kwamba mtu wa reli alituwahi.

Sasa kosa langu. Shamba langu la kwanza la majaribio nilipanda lusini, mmea wa malisho wa kudumu wenye mizizi mirefu, na mabomba ya kupimia kina cha maji ya chini ya ardhi nikayachimbia baadaye, tena ndani ya lusini tu. Kila mwezi nilipiga magoti, nikateremsha futi yenye kengele ndogo ya chuma nchani, nikasikiliza ile "pwa" inapogusa maji. Kila mwezi futi ilikwenda chini zaidi. Nilifurahi mno! Nilipowasilisha matokeo, mzee mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza: kwenye ngano ya jirani maji yameshuka kiasi gani? Sikuwa na bomba hata moja huko. Miaka ile mvua ilikuwa haba, na huenda maji yalishuka kila mahali. Kwa hiyo chimbia mabomba mwaka mmoja au miwili kabla ya kupanda, na uweke mengine kwenye mazao ya msimu, juu na chini ya mteremko. Bila hayo hutajua kama unapima mmea au ukame.

Kipimo cha maabara nacho kina mtego. Kile kiwango cha desisimensi 4 kwa mita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, nacho huzidi) kinachotenganisha udongo wa chumvi na usio wa chumvi ni cha maji yaliyokamuliwa kwenye tope lililoshiba. Ninyi mtapima kwa njia ya haraka, sehemu moja ya udongo kwa tano za maji, na kifaa kitasoma namba ndogo zaidi. Nimeona kijana akiandika 0.6 na kuhitimisha kwamba shamba ni safi. Udongo ulikuwa kichanga, ambako 0.6 ya namna hiyo inaweza kumaanisha zaidi ya 8 kwa kipimo cha tope lililoshiba. Kwenye mfinyanzi namba ya kuzidishia ili upate kipimo cha tope ni ndogo zaidi. Pima aina ya udongo kwanza, na uandike tarehe: mvua ikinyesha chumvi hushuka, jua likiwaka hurudi juu.

Halafu msipande kila mmea kila mahali. Lusini ni ya juu kwenye mteremko, ikanywe maji kabla hayajazama. Haipendi maji yaliyotuama wala udongo wenye asidi, na chumvi ikivuka desisimensi 2 hivi kwa kipimo cha tope, mavuno huanza kupungua. Bondeni, ambako chumvi imeshafika usoni mwa ardhi, ndiko kwa Atriplex.

Nako bondeni mtakutana na swali la mfugaji: kondoo wangu wanakula nini hapa? Jani la Atriplex likikaushwa kisha likachomwa, robo ya uzito wake yaweza kubaki majivu, mengi yakiwa chumvi. Ukihesabu uzito wa majani kama chakula unajidanganya. Kondoo anahitaji majani makavu au nyasi pembeni, na maji mengi yasiyo na chumvi. Lakini kichaka hicho ni kijani wakati malisho mengine yamekauka, na pengo hilo ndilo mkulima yuko tayari kulilipia. Kituo cha pamoja cha utafiti kilianzishwa Australia mwaka 2001 kukabili chumvi kwa mimea, na chumvi ikatajwa kwenye jina lake. Mrithi wake wa mwaka 2007 aliitwa Future Farm Industries, yaani sekta za kilimo cha baadaye. Chumvi imetoka kwenye jina. Mimi naona walikuwa sahihi, kwa maana mkulima hapandi lusini ili bonde la jirani lipone miaka thelathini ijayo.

Jambo la mwisho ni dogo. Andikeni urefu wa bomba kutoka usawa wa ardhi hadi mdomoni, kila ziara. Trekta iliwahi kuvunja bomba langu, mwenye shamba kwa wema wake akalikata likawa nadhifu, na kwa miezi saba nilidhani maji yamepanda sentimita arobaini.