Riwaya Yako ya Kwanza Iwe na Urefu Gani?

Waandishi wenzangu wa Mtwara na Lindi mnaoandika riwaya ya kwanza, ushauri wangu ni huu: lengeni maneno 40,000, na msivuke 50,000 bila sababu nzito.

Najua mmesoma kwamba wachapishaji wa Marekani na Uingereza hupenda riwaya ya mwandishi mpya iwe kati ya maneno 80,000 na 100,000. Hiyo ni hesabu ya Kiingereza. Neno letu moja, kama "nilimwona", hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo kisa kilekile kwetu huchukua maneno machache zaidi. Na soko letu ni jingine.

Mchapishaji akipokea muswada wa mtu asiyemjua, hupiga hesabu ya karatasi. Ukurasa wa A5 hubeba maneno kama 250. Maneno 40,000 ni kurasa 160. Maneno 120,000 ni kurasa 480. Kurasa hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 ni mafungu 10 na cha kurasa 480 ni 30. Karatasi mara tatu, bei juu, na jina kwenye jalada halijulikani. Msomaji wa Masasi au Nachingwea naye ana matumizi yake, hasa kabla minada ya korosho haijaanza.

Sasa, upunguze wapi? Wengi huanza kufyeka neno moja moja, na huishia kupata kurasa chache tu. Kinachonenepesha muswada ni visa vya pembeni. Mimi wangu niliusoma kwa sauti kule Mikindani, barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, yeye akibangua korosho. Nikafika kwenye sura za mnada wa korosho wa chama cha msingi cha ushirika, ninazozipenda mno: zabuni zinasomwa, wakulima wananung'unika, mwishowe wanagoma kuuza. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Somoe kashafika Lindi au bado?"

Somoe ndiye mhusika mkuu. Katika mnada wote ule, hadithi yake ilihitaji jambo moja tu: baba arudi nyumbani mikono mitupu, ada isilipwe. Aya moja ilitosha, tena ikauma kuliko sura nzima. Sura zenyewe nimezihifadhi. Mnada ule unaweza kuwa hadithi fupi inayojitegemea.

Kwa hiyo msomee mtu asiyekuogopa, na uandike pembeni kila anapouliza mtu fulani yuko wapi. Hapo ndipo pa kukata. Mwisho wa hadithi usiubane. Wengi hufika huko wamechoka, wakamaliza mambo ya miaka kwa kurasa mbili, na mhariri huliona hilo mara moja.

Kugawa muswada mnene kuwa vitabu viwili nakubali kwa sharti moja: cha kwanza kiwe na mwisho wake. Hakuna ahadi kwamba cha pili kitachapwa.

Kama unapeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, fuata masharti ya urefu ya mwaka huo, hata kama yanapingana na haya yangu. Kwa mchapishaji, taja idadi ya maneno ndani ya barua. Usipunguze fonti wala kubana mistari ili muswada uonekane mwembamba. Mhariri akifungua faili, kompyuta inamhesabia.