Shahada ya upimaji ardhi ya Tanzania: itakufikisha wapi Kanada?

SWALI: Shikamoo mkuu. Nina shahada ya geomatiki (yaani upimaji ardhi na ramani) ya Chuo Kikuu Ardhi na miaka minne ya kupima viwanja Dodoma. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili Kanada kuanzia mwezi wa tisa. Vyeti vyangu vimeshapitiwa na WES, shirika la kulinganisha vyeti vya nje na vya Kanada, wakasema vinalingana na shahada ya kwanza ya huko. Je, nikimaliza uzamili nitakuwa mpima mwenye leseni? Na hii miaka yangu minne itahesabiwa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Nakujibu mapema kwa sababu bado uko nyumbani, na jambo kubwa kuliko yote linafanyika nyumbani.

Uzamili peke yake haukupi leseni. Karatasi ya WES nayo haikupi. Ile inasomwa na watu wa uhamiaji, vyuo na baadhi ya waajiri. Inaeleza uzito wa shahada yako, lakini haisemi kama unaweza kurudisha mpaka uliopotea. Wanaoangalia hilo ni watu wengine kabisa. Kwa sehemu kubwa ya Kanada ni bodi ya watahini wa wapima, CBEPS kwa kifupi. Ontario, chama cha wapima cha jimbo kina kamati yake ya kupitia elimu ya waombaji. Quebec ina chombo chake, na kazi huko ni kwa Kifaransa (wasomaji wetu wa Bukavu na Lubumbashi, hapo nyinyi mmetutangulia). Kwa hiyo amua jimbo kwanza, kisha uwaandikie wapima wa jimbo hilo kabla hujalipia chochote.

CBEPS hawaipokei shahada kama gunia lililoshonwa mdomo. Wanalifungua na kuchambua somo moja moja: hesabu, kusawazisha makosa ya vipimo, mifumo ya majiranukta (namba za kuonyesha mahali) na makadirio ya ramani, jiodesia (elimu ya umbo na vipimo vya dunia), picha za anga, upimaji wa milki, sheria ya upimaji, mipango ya matumizi ya ardhi. Somo likilingana na lao, unasamehewa mtihani wake. Palipo na pengo, unafanya mtihani wao au unalisoma katika chuo wanachokikubali.

Hapo ndipo mimi nilipoumia. Nilipeleka transkripti (orodha ya masomo na alama zangu) pamoja na ukurasa mmoja wenye majina ya masomo. Mstari mmoja ulisomeka hivi: "Marekebisho ya Vipimo II, saa 60." Basi. Ndani ya saa hizo 60 tulikesha tukitatua matriksi kwa kalamu, tukatafuta duaradufu za makosa za mtandao mzima wa pembetatu, lakini karatasi haikusema hata neno moja. Nikanyimwa msamaha wa somo nililolijua kuliko yote. Kupata silabasi kamili nikiwa ng'ambo kulinichukua miezi minane ya simu na kumwomba binamu aende chuoni mara kwa mara. Mwishowe ilipatikana kwenye kabati la mwalimu aliyekaribia kustaafu.

Kwa hiyo wiki hii nenda mwenyewe chuoni. Omba silabasi za miaka yote minne, na ziwe za mwaka uliosoma wewe, maana mitaala hubadilika. Kila somo lionyeshe mada, saa za darasani, saa za vitendo uwandani na vitabu vilivyotumika, na kila ukurasa ugongwe mhuri. Mjue kwa jina anayeshughulika na transkripti, kwa sababu nyaraka nyingi zitatakiwa zitumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, wala si kupitia mkononi mwako.

Sheria ya upimaji usitegemee kusamehewa, na usione ni dharau. Wewe umekulia kwenye ardhi ya umma, Rais akiwa mdhamini chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, na mwananchi anapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Kule kuna umiliki usio na ukomo wa miaka, na kila jimbo lina sheria zake. Kwenye nyanda za magharibi, Alberta kwa mfano, ardhi ilikatwa kuanzia 1871 kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mmoja ukigawanywa vipande 36 vya takriban maili moja kwa moja. Wapima wa zamani walisimamisha nguzo ya chuma au ya mti, mahali pengi wakachimba mashimo manne kuizunguka na kuinua kichuguu cha udongo. Leo unafika na kifaa cha setilaiti mkononi, unapiga magoti shambani, unakwangua udongo polepole, na pengine unachopata ni doa la kutu. Doa lile, kama kweli ndipo nguzo ya asili iliposimama, linashinda umbali ulioandikwa kwenye ramani. Wewe uliyezoea bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, utaielewa kanuni hiyo upesi. Utakachojifunza upya ni namna ya kuithibitisha mbele ya sheria yao.

Ukishamaliza upande wa masomo, unaingia uanagenzi chini ya mpima mwenye leseni, kisha mitihani ya taaluma ya jimbo. Miaka yako minne itakusaidia sana kupata kazi. Kwamba itafuta kipindi cha uanagenzi, usipange maisha juu ya hilo. Hata hivyo omba barua ya mwajiri inayoeleza kazi kwa kina: umepima viwanja vingapi, kwa vifaa gani, nani aliidhinisha ramani.

Wakati huohuo hutakaa bure. Leseni inahitajika kwa mipaka ya kisheria. Kupima migodini, kupanga majengo na barabara, upimaji wa chini ya maji, mifumo ya taarifa za kijiografia, au kuongoza kikosi cha uwandani chini ya mpima mwenye leseni, yote hayo unaweza kufanya bila leseni yako mwenyewe. Kwenye fomu za uhamiaji, kila kazi ina namba yake: mpima ardhi ni 21203 na fundi sanifu wa upimaji ni 22213. Chagua kwa kazi uliyoifanya kweli.

Limebaki suala la uzamili wenyewe. Utafiti wa picha za setilaiti utakupa shahada nzuri na kuyaacha mapengo yako ya milki na sheria yalivyo. Vyuo kama New Brunswick, Calgary na York vinafundisha geomatiki. Popote unapokwenda, mwandikie msimamizi wako sasa hivi umuulize kama utaruhusiwa kuchukua masomo ya sheria ya upimaji na milki ya shahada ya kwanza pamoja na utafiti. Akikubali, pata jibu hilo kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.